Kwa Miguu hadi Machu Picchu: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita nilisimulia kwa ufupi safari yangu ya siku nne katika Njia ya Inka, ile barabara ya mawe inayokatiza milima ya Andes nchini Peru na kuishia kwenye magofu ya Machu Picchu, mji wa Wainka, waliotawala huko kabla ya Wahispania. Barua zilizofika tangu hapo ni nyingi kuliko kurasa nilizopewa, kwa hiyo nimechagua tano ambazo zinabeba pia maswali ya wengine.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni walimu wanane wastaafu. Hutembea pamoja kila mwezi, na mara mbili tumepanda Kilimanjaro hadi kambi ya Horombo. Sasa tumechanga fedha za kwenda Machu Picchu. Tungependa kujiendea wenyewe, kwa mwendo wetu, tukinunua tiketi tukishafika, kama tunavyofanya tukienda maporomoko ya Materuni. Je, inawezekana?
*Walimu Wanane, Moshi*

JIBU: Walimu wangu, shikamooni. Kujiendea haiwezekani, lakini kwenda kwa mwendo wenu kunawezekana kabisa, na nadhani hilo la pili ndilo hasa mnalolitaka.

Hakuna mtu anayeruhusiwa kuingia katika njia hiyo peke yake. Kila msafiri huandikishwa na wakala mwenye leseni ya serikali ya Peru, hutembea na mwongozaji aliyesajiliwa, na kibali chake huandikwa jina pamoja na namba ya pasipoti. Kwa siku huingia watu 500 tu, na hesabu hiyo inawajumuisha wapagazi, wapishi na waongozaji, hivyo nafasi za wageni hubaki kama 200. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, nafasi hizo huisha miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Na mwezi wa Februari, ambao ni wa mvua nzito, njia hufungwa kwa matengenezo. Anayetaka kutembea Juni na awe amelipia tangu mwishoni mwa mwaka unaotangulia. Gharama nilizoziona kwa wakala wanaoaminika ni kati ya dola za Marekani 600 na 1,000 kwa mtu mmoja, mbali na nauli ya ndege.

Chungeni sana suala la pasipoti. Katika kundi letu alikuwapo mama mmoja aliyelipia kwa pasipoti ya zamani, kisha akapata mpya kabla ya safari. Tulipofika lango la kuingilia, mahali paitwapo Kilomita 82 kwa sababu ya hesabu ya reli inayopita hapo, karani aliweka kidole kwenye namba iliyo katika orodha, akakiweka kwenye namba iliyo katika pasipoti, akatikisa kichwa. Kilichomwokoa ni kwamba ile ya zamani alikuwa nayo mkobani. Kibali hakihamishwi kutoka mtu hadi mtu, na mmoja wenu akiugua nafasi yake haipewi mwingine.

Kuhusu mwendo, ombeni wakala awafanyie kundi lenu peke yenu, msichanganywe na vijana wa miaka 25 wanaotaka kufika kambini kabla ya saa saba mchana. Kanuni inataka waongozaji wawili kundi likizidi watu wanane. Ninyi ni wanane kamili, kwa hiyo wakala atawapa mmoja na hatakuwa amekosea. Lakini nawashauri mlipie wa pili, atembee nyuma na yule atakayekuwa wa mwisho siku hiyo, kwa maana wa mwisho hubadilika kila siku. Habari njema ni kwamba, kwa ratiba ya kawaida, kambi ya juu kabisa mtakayolala, iliyo katika bonde la Pacaymayu, iko kama mita 3,600, yaani chini kidogo ya Horombo.

Mkikosa vibali, msikate tamaa na wala msikubali kuuziwa "njia ya mkato". Ulizieni magofu ya Choquequirao, yaliyo juu ya bonde la mto Apurímac, ambako hakuna reli wala basi. Msafiri hushuka hadi mtoni, kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kisha hupanda ukingo wa pili hadi kuvuka mita 3,000, na kurudi ni kwa njia ileile. Ni safari ngumu kuliko ya Machu Picchu, jua la bondeni ni kali, lakini mtawakuta watu wachache, na mtaona jambo ambalo Machu Picchu haina: llama, wale wanyama wa mizigo wa Andes, waliochorwa kwa mawe meupe katika kuta za matuta ya kilimo, wakipanda mlima mmoja baada ya mwingine.

SWALI: Mimi ni mtu wa Pwani. Mahali pa juu kabisa nilipowahi kulala ni Nairobi. Binti yangu amenialika tutembee pamoja njia hiyo, nami nina miaka 54, magoti yangu si mabaya. Nimesoma kwamba kuna mlima uitwao Mwanamke Aliyekufa, na tangu hapo silali vizuri. Niende au nimwambie atafute mwenziwe?
*Mama wa Likoni, Mombasa*

JIBU: Mama, nenda. Nianze na hilo jina. Warmi Wañusqa kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa Andes, ni kweli "mwanamke aliyekufa", lakini jina linatokana na umbo la mlima, ambao ukiutazama kutoka bondeni unafanana na mwanamke aliyelala chali. Ni mwanya kati ya vilele viwili, mita 4,215 juu ya usawa wa bahari, na ndipo pa juu kabisa katika safari nzima.

Hofu yako ni halali, ila umeielekeza mahali pasipo penyewe. Kwa mtu wa Pwani hatari ya kwanza haiko njiani, iko uwanja wa ndege. Utaruka kutoka Lima, mji ulio kando ya bahari kama Mombasa, na baada ya muda unaozidi saa moja kidogo utashuka Cusco, mita 3,400. Mwili haujapewa nafasi ya kujua kwamba umepanda. Wengi huugua hapo, kwa sababu wamefika asubuhi, wakapanda na kushuka vilima vya mji mchana kutwa, na jioni kichwa kinapasuka. Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430 tu, chini ya Cusco kwa karibu kilomita nzima. Jambo hilo huwashangaza hata waliokwisha kulipia.

Kwa hiyo, mkitua Cusco, siku hiyohiyo teremkeni kwa gari hadi Ollantaytambo katika Bonde Takatifu, kama mita 2,800, mlale huko usiku mbili. Kisha rudini Cusco kwa usiku mmoja au mbili kabla ya kuanza. Siku ya kwanza ya safari ni nyepesi na huishia karibu na kijiji cha Wayllabamba, kama mita 3,000. Ya pili ndiyo siku yenyewe, kwa kuwa hupanda mita 1,200 kwa mfululizo, nyingi zikiwa za ngazi za mawe. Pale juu kila pumzi huleta kama asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata Likoni. Mimi nilipanda robo ya mwisho kwa hesabu ya hatua kumi na kusimama, hatua kumi na kusimama, na msaidizi wa mwongozaji nyuma yangu hakusema hata mara moja kwamba tumechelewa. Ukiona unaweza kuzungumza na binti yako bila kukatika pumzi, mwendo wako ni sahihi. Ukiona huwezi, punguza.

Kichwa kuuma kidogo, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu ni mambo ya kawaida usiku wa kwanza au wa pili, na mara nyingi hupita kwa kupumzika na kunywa maji. Lakini mtu akianza kuyumba kama aliyelewa, akachanganyikiwa, au akahema ilhali amekaa na kukohoa povu, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Dawa yake ni kuteremka, usiku huohuo, hata kwa kubebwa. Mwambie mwongozaji mapema, usimfiche ili usionekane mzigo. Ipo pia dawa iitwayo asetazolamidi ambayo husaidia mwili kuzoea, lakini ina watu isiowafaa, wakiwemo baadhi ya wenye mzio wa dawa za salfa, kwa hiyo muone daktari wako wiki kadhaa kabla.

Utakaribishwa kila mahali chai ya majani ya koka. Wenyeji wameyatumia tangu zama za Wainka na zamani zaidi, na huko ni halali. Kunywa ukitaka, lakini usiweke hata jani moja mkobani wakati wa kurudi: jani la koka limo katika orodha ya kimataifa ya dawa za kulevya zinazodhibitiwa, na afisa wa forodha hatasikiliza habari za chai.

Kwa magoti, mazoezi yako yawe ya kushuka zaidi kuliko kupanda. Siku ya tatu hushuka mita 1,000 hivi, kutoka magofu ya Phuyupatamarca hadi ya Wiñay Wayna, kwa ngazi za mawe za vimo tofauti tofauti. Tafuta jengo lenye ghorofa nyingi ulishuke mara kwa mara, na uchukue fimbo mbili za kutembelea zenye vifuniko vya mpira kwenye ncha, kwa kuwa ncha za chuma zinakwangua mawe na haziruhusiwi.

SWALI: Je, chakula cha halali kinapatikana njiani, na nafasi ya kuswali ipo?
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Nyama ya halali usiitegemee. Wapishi wamezoea wasioikula kabisa nyama, nao hupika vizuri sana kwa viazi, mahindi, mayai, kwinoa (punje za Andes zipikwazo kama nafaka) na samaki, alimradi wakala ameambiwa wakati wa kulipia na si siku ya kuondoka. Niliona supu ya kwinoa ikipikwa kwenye hema lililokuwa likipigwa na mvua, na mpishi hakuacha kuikoroga. Nafasi ya kuswali ipo kila kambi, maji yapo, na ruhusa ya msafiri ya kufupisha na kukusanya sala unaijua kuliko mimi. Chukua dira, na soksi nene za ziada, maana maji ya kutawadha alfajiri ni baridi ya kuuma mifupa.

SWALI: Ninasoma historia chuoni. Nimezoea magofu yetu ya chokaa na matumbawe. Ningependa kujua ni nani hasa aliyegundua Machu Picchu, kwa nini mji uliachwa, na kama kutembea siku nne kunamwongezea mtu chochote ambacho hatakipata akienda kwa garimoshi.
*Mwanafunzi, Zanzibar*

JIBU: Nitaanza na la mwisho, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala ile. Anayekwenda kwa garimoshi anaona gofu moja. Anayekwenda kwa miguu anatembea *ndani* ya gofu kwa siku nne, kwa kuwa barabara yenyewe ni kazi ya Wainka. Ni kipande cha kilomita 40 na ushei cha mtandao uitwao Qhapaq Ñan, uliozidi kilomita 30,000 na kuunganisha nchi ambazo leo ni sita, kutoka Colombia hadi Chile na Argentina. Watu walioijenga hawakuwa na zana za chuma, wala hawakutumia gurudumu. Barabara iliwekwa kwa ajili ya miguu ya watu na kwato za llama, ndiyo maana haiogopi ngazi.

Baada ya Sayacmarca, gofu lililokaa kwenye ncha ya jabali, kuna sehemu ambapo njia imejazwa juu ya kinamasi na bado haijazama, na mbele kidogo inapita katika pango walilolipanua kwenye mwamba, lenye ngazi zilizochongwa humohumo. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa pango lile. Ulikuwa na maji, na chini ya mkono niliusikia ubapa wa mahali palipogongwa kwa jiwe gumu zaidi, tena na tena, hadi pakalainika. Kwetu Kilwa au Unguja Ukuu fundi alishika jiwe kwa chokaa; hawa, katika majengo yao bora, walisugua jiwe hadi likakaa juu ya mwenzake pasipo kitu kati yao, na tetemeko likija mawe hucheza kisha hurudi mahali pake.

Sasa la ugunduzi. Vitabu vingi humtaja Hiram Bingham, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyefika tarehe 24 Julai 1911. Lakini alipelekwa na mkulima wa bondeni, Melchor Arteaga, na huko juu alizikuta familia zikilima mahindi na viazi katika matuta ya Wainka, na mtoto wa kiume wa familia hizo ndiye aliyemwonyesha majengo. Ukutani alikuta pia jina la Agustín Lizárraga limeandikwa na mwaka 1902. Bingham aliutangaza mji kwa dunia, na hiyo ni kazi kubwa. Neno "kugundua" haliwezi kubebeshwa kwake wakati watu walikuwa wakivuna hapo. Vitu alivyovichukua kwenda Yale vilianza kurejeshwa Peru mwaka 2011, baada ya miaka mingi ya madai. Hata jina lina maswali: uchunguzi wa nyaraka za zamani uliochapishwa mwaka 2021 unaonyesha kwamba huenda wenyewe waliuita Huayna Picchu.

Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba ulikuwa makao ya mfalme Pachacuti, wala haukuwa mji mkuu. Zamani ujenzi ulihesabiwa kuanzia kama mwaka 1450, kwa kufuata maandishi ya Wahispania; vipimo vya mifupa vilivyochapishwa mwaka 2021 vimeurudisha nyuma hadi karibu 1420. Haukudumu. Wahispania waliingia Cusco mwaka 1533, na makao ya namna hii, yaliyolishwa na kuhudumiwa na dola, hayangeweza kuendelea dola ilipovunjika. Hakuna dalili kwamba Wahispania waliubomoa, ndiyo maana kuta zake zimesalia hivyo zilivyo.

Nikuombe jambo moja ukienda: usipite mbio Wiñay Wayna. Magofu hayo yalikuwa yamefunikwa na msitu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, na jina lake, "kijana milele", ni la ua la okidi linaloota hapo. Wengi huyafika wakiwa wamechoka mwishoni mwa siku ya tatu, wakanyoosha miguu kambini, wasiyaone. Mstari wa visima unashuka kutoka nyumba za juu hadi za chini kandokando ya ngazi, maji ya kimoja yakiingia kingine. Kaa hapo nusu saa kabla ya jua kuzama.

SWALI: Mimi ni mgumu, yaani mpagazi, wa Mlima Kilimanjaro kwa miaka 11. Katika makala yako uliandika mistari mitatu tu kuhusu wapagazi wa Peru. Wanabeba kilo ngapi? Wanalala wapi? Na wao huingia hayo magofu?
*Mgumu, Marangu*

JIBU: Kaka, umenikosoa kwa haki, na nashukuru.

Peru ilitunga sheria ya wapagazi mwaka 2001, na kikomo chake ni kilo 20, vitu vya mpagazi mwenyewe vikiwemo. Kabla ya hapo watu walibebeshwa kupita kiasi hicho kwa mbali. Mizigo hupimwa kwa mizani langoni, nami niliona furushi moja likirudishwa na kufunguliwa, mtungi wa gesi ukahamishiwa kwa mwingine, kisha likapimwa tena. Siku hizi wapo pia wapagazi wanawake, ambao kikomo cha mizigo yao kimewekwa chini zaidi. Wao hawabebi kichwani kama ninyi. Hufunga mzigo mgongoni, baadhi wakitumia kitambaa kipana chenye rangi kinachopitishwa mabegani na kukazwa kifuani. Wengi ni wakulima wanaozungumza Kikechua, na msimu wa viazi ukifika wakala hupata shida kuwapata.

Sheria ni jambo moja na hema ni jambo jingine. Wakala niliyemlipa alitupa sisi wageni magodoro ya povu na mahema mapya. Wapagazi walilala katika hema tulilolia chakula, baada ya sisi kumaliza na kuondoka, juu ya ardhi ile ile tuliyokuwa tumeikanyaga kwa viatu vya matope. Usiku wa pili, kule Pacaymayu, mvua ilinyesha na maji yakapita chini yake. Sikulijua hilo hadi alfajiri, nilipotoka na kuwaona wakikamua mablanketi. Nilikuwa nimeuliza maswali kumi kuhusu chakula changu kabla ya kulipa, na sikuuliza hata moja kuhusu mahali wangelala wao. Kwa hiyo nawaambia Walimu Wanane na Mama wa Likoni, ambao bila shaka wanasoma hapa: kabla ya kulipa, ulizeni kwa maandishi kama wapagazi wana mahema yao yenye sakafu, magodoro, na ujira gani kwa siku. Wakala anayewatendea vyema hujibu siku hiyohiyo. Na bahashishi mgawieni kila mmoja mkononi, mkisema *sulpayki*, ambalo ni asante kwa Kikechua, badala ya kumkabidhi fungu lote mtu mmoja.

Ama kuhusu kuingia magofu, jibu ni hapana, kwa kawaida hawaingii. Siku ya nne wageni huamshwa kama saa tisa na nusu za usiku, nami nilidhani ni ili tuwahi macheo pale Inti Punku, Lango la Jua. Sababu kubwa zaidi ni kwamba wapagazi wanapaswa kukunja kambi gizani na kushuka mbio hadi kituoni kuwahi garimoshi lao. Jioni iliyotangulia nilikaa na mmoja wao, mtu wa makamo, kwa msaada wa mwongozaji aliyetutafsiria. Alikuwa amepita njia hiyo misimu sita na hajaingia Machu Picchu. Aliniuliza kama ni kweli kwamba visima vya mle ndani bado vinatoa maji, maana babu yake alimwambia hivyo. Sikuwa nimefika bado, nikasema sijui.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nilivikuta. Viko 16, vimepangwa kimoja chini ya kingine, na maji yalikuwa yakitiririka. Yeye wakati huo alikuwa ameshateremka garimoshini na kushika njia ya kijijini kwao.